Nilipewa Vidonge, Nikahitaji Watu

Ninaandika ushuhuda huu kwa aliyetoka hospitali juzi na vidonge vya unyogovu ndani ya mkoba, na kwa yule anayelala naye nyumba moja. Mimi nilivianza vidonge hivyo nikiwa na miaka 22. Leo ni mzima, nafanya kazi, na usiku ninalala. Dawa ilinisaidia, na hilo nalisema waziwazi kwa sababu wapo wanaoogopa hata kuigusa. Ila baina ya kidonge cha kwanza na nafuu ya kwanza kuna majuma ya hatari ambayo wengi hawaelezwi habari zake. Majuma hayo yalinikuta sijui lolote, na walionivusha ni watu. Nimeona nieleze walivyofanya, maana ni jambo linalowezekana katika nyumba yoyote.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Mama yangu huuza mahamri na mbaazi mlangoni kwetu asubuhi, na tangu utoto kazi yangu ilikuwa kumkunia nazi kabla ya kwenda shule, na baadaye kabla ya kwenda kazini katika ofisi ya wakala wa mizigo karibu na bandari. Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Ulianzia kwenye usingizi: nikizinduka saa tisa usiku, nikakaa macho hadi adhana ya alfajiri. Chakula kikapoteza ladha. Mwili ukawa mzito, hata kuoga kukawa kazi ya kujilazimisha. Asubuhi nilikaa juu ya mbuzi na kizio cha nazi mkononi, nisijue nianzie wapi kazi ambayo mikono yangu iliizoea tangu udogoni. Sala nilisali, lakini moyo haukuwemo. Kazini nilisoma hati ya mzigo mwanzo hadi mwisho, nikifika chini nimesahau ya juu.

Watu walinipenda, na kwa kunipenda waliuliza. Nani amekuudhi? Umeachwa? Wanakuonea kazini? Hakuna aliyeniudhi. Hatukuwa tumefiwa. Kazi ilikuwapo na mshahara ulikuja. Kukosa jibu kulinitesa, kwa kuwa mtu anayelia bila sababu huonekana anadeka, na mimi mwenyewe nilianza kuamini hivyo. Shangazi alisema ni husuda. Nikanyweshwa kombe, nikasomewa. Sisemi vibaya juu ya visomo. Vilinipa saa kadhaa za utulivu na ninavipenda mpaka leo. Maalim aliyenisomea ndiye aliyemwambia mama neno ambalo sisi wengine hatukuthubutu kulisema: "Mimi nitaendelea kumwombea. Lakini mtoto huyu halali wala hali. Mpelekeni hospitali, na dua iende naye."

Baadaye, nilipopata nguvu za kusoma, niligundua kwamba maalim alifuata njia ya zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi kwa pamoja. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotewa na mali, na ile inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Hiyo ya pili aliihusisha na hali ya mwili, akaona itibiwe kwa njia ya mwili pia. Laiti ningalijua hayo wakati watu wakiniuliza nina nini, ningaliwajibu kwamba kuna huzuni isiyo na jina la mtu ndani yake, na waliotutangulia waliijua.

Tulikwenda kituo cha afya. Foleni ilifika nje. Daktari alinisikiliza kwa upole, akasema nina unyogovu, ule ambao jirani zetu wa Tanzania huuita sonona, akaniandikia fluoksetini. Dirishani nikapewa bahasha ndogo iliyoandikwa 1×1. Maelezo yalikuwa mafupi: kimoja asubuhi baada ya kula, urudi baada ya mwezi. Mama aliketi nje kwenye benchi muda wote, hakuitwa.

Dawa hii si ngeni wala si ya majaribio. Marekani iliidhinisha fluoksetini mwaka 1987, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na amitriptilini, ambayo ni ya zamani zaidi. Mamilioni ya watu wamepona nayo. Nilipaswa kuelezwa, hata hivyo, kwamba haifanyi kazi kama dawa ya maumivu ya kichwa. Kwa kawaida nafuu ya moyo huanza kuonekana baada ya majuma mawili hadi manne, pengine zaidi, ilhali madhara madogomadogo huja mapema: kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, usingizi kuzidi kukatika. Mtu asiyejua hilo huona amepewa ugonjwa juu ya ugonjwa.

Kwangu kichefuchefu kilikuja kikapita. Kilichofuata ndicho kilichonitisha. Kabla ya dawa nilikuwa mzito, sitaki kunyanyuka. Sasa nilishindwa kukaa. Miguu ilitaka kwenda. Nilizunguka kutoka chumbani hadi uani na kurudi, usiku kucha, na nikiketi nilihisi kitu ndani ya ngozi kinanisukuma niinuke. Nilimkaripia mdogo wangu kwa mambo yasiyo na maana. Na fikra zikabadilika. Zamani nilikuwa nikitamani tu nisiamke asubuhi, tamaa ya kuchoka. Sasa wazo la kujiua lilinijia na haraka yake, likinihimiza, na mwili uliokuwa umelala miezi ulikuwa umeamka kulisikiliza.

Sikumwambia mtu. Nilidhani ni mimi nimeharibika zaidi. Mama aliona ninavyozunguka, na kwa kuwa ni mama alikisia. Lakini naye alikuwa na hofu yake. Wakati ule kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Mama hakukijua kifungu kwa nambari, lakini aliijua habari yake kama ilivyojulikana mitaani: ukisema neno hilo mbele ya wakubwa, polisi watakuja. Akaninong'oneza, "Mwanangu, ukiwa na fikra mbaya, nambie mimi tu. Usimwambie daktari." Kwa hiyo siri ikawa yetu sote wawili, na sisi wawili hatukujua la kuifanya.

Aliyeivunja ni jirani yetu, mkunga mstaafu, mwanamke ambaye nusu ya vijana wa mtaa wetu walipokelewa na mikono yake. Alikuja kununua mbaazi, akanitazama ninavyotembea uani, akamwomba mama kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono akaniketisha kando yake.

"Mwanangu, nakuuliza jambo, na jibu lolote utakalonipa sitakukasirikia. Unafikiria kujiua?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

"Imezidi tangu lini?"

"Tangu nianze dawa."

Hakupiga kelele. Hakuniambia kwamba ni dhambi. Nilijua ni dhambi, na kujua huko hakukuwa kumenipa usingizi. Aliomba ile bahasha ya vidonge, akaitia mfukoni mwa dera lake, akasema, "Leo hulali peke yako. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali sote watatu. Kama dawa iendelee au isimame, hilo tutawaachia waliosomea." Usiku ule mama alitandika godoro chini karibu na kitanda changu. Nilizunguka kama kawaida, lakini kila nilipotoka chumbani palikuwa na mtu macho.

Nimesikia watu wengi wakisema kwamba mgonjwa asiulizwe swali lile, asije akatiwa wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kinyume chake: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Mimi ni shahidi wa hilo. Wazo lilikuwa langu tayari, nimelibeba peke yangu. Lilipotamkwa na mtu mwingine kwa sauti ya kawaida, uani kwetu mchana, liligeuka kuwa dalili ya kupelekwa kwa daktari, kama homa.

Kesho yake hospitalini tulimkuta muuguzi wa magonjwa ya akili katika kliniki ya wagonjwa wa nje. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuliza nimekuja na nani, na kama naridhia waingie. Nikaridhia. Mama na bibi mkunga wakaketi, na ninaamini nilianza kupona katika chumba kile, kabla dozi haijaguswa, kwa sababu mambo yalielezwa mbele ya watatu.

Alinipitisha katika karatasi ya maswali tisa ambayo imefasiriwa kwa Kiswahili na hutumika sana kupimia unyogovu. Swali la tisa ni kuhusu fikra za kufa au kujidhuru katika majuma mawili yaliyopita. Mama alinitazama. Muuguzi akaelewa, akamwambia, "Mama, binti yako amekuja kutibiwa. Kuwa na fikra hizi ni ugonjwa, na sisi kazi yetu ni ugonjwa." Nikajibu swali la tisa kwa ukweli.

Kisha akauliza mambo ambayo mara ya kwanza hayakuulizwa. Je, niliwahi kuwa na kipindi cha kutolala siku kadhaa bila kuchoka, nikizungumza sana, nikitumia pesa ovyo, nikijiona naweza kila kitu? Je, yuko ndugu wa damu aliyekuwa hivyo? Alieleza kwamba wapo wenye ugonjwa wa hisia za pande mbili, ambao leo huwashusha na kesho huwapandisha, na kwamba dawa ya unyogovu ikipewa peke yake kwa mtu huyo inaweza kumrusha upande wa pili au kumchanganyia yote mawili kwa wakati mmoja. Akauliza kama natafuna miraa au muguka, kwa kuwa huiba usingizi na kumzidishia mtu mahangaiko. Akauliza kama natumia tramadoli kwa maumivu, kwa kuwa haipatani na dawa hii. Majibu yangu yote yalikuwa hapana. Basi akasema kule kutotulia kwangu kuna jina la kitabibu, akathisia, kwamba kunajulikana, na kwamba kuna la kufanya.

Alitueleza pia kwa nini umri wangu ulimtia wasiwasi. Nilipopona nilikwenda kusoma mwenyewe, na nitayaeleza hapa kama nilivyoyaelewa, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Mwaka 2003 wasimamizi wa dawa wa Uingereza walitoa ushauri kwamba dawa nyingi za kundi la fluoksetini zisitumike kwa walio chini ya miaka 18 wenye unyogovu, isipokuwa fluoksetini yenyewe, ambayo faida yake kwao ilionekana kuzidi hatari. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikusanya majaribio 24 yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 4,400. Waliopewa dawa, kama 4 katika kila 100 walipatwa na fikra au vitendo vya kujidhuru. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa kama 2 katika kila 100. Hakuna aliyefariki kwa kujiua katika majaribio hayo. FDA iliamuru tahadhari ya kiwango cha juu, iliyowekewa mstari mweusi kuizunguka, iandikwe kwenye maelezo ya dawa zote za unyogovu. Mwaka 2007 tahadhari ikapanuliwa kuwajumuisha vijana wa miaka 18 hadi 24, hasa mwanzoni mwa matibabu. Kwa waliovuka miaka 24 hatari hiyo haikuonekana kuongezeka, na kwa waliofikia 65 ilipungua.

Nilipoisoma tahadhari ile nilijiona humo: miaka 22, majuma ya kwanza. Lakini niliisoma hadi mwisho, na mwisho wake unasema jambo ambalo watu wengi hawalifikii: unyogovu wenyewe ni chanzo kikubwa cha kujiua, na kumwacha mgonjwa bila tiba ni hatari pia. Tahadhari haikupiga dawa marufuku. Ilitaka anayeanza dawa, au anayebadilishiwa dozi, aangaliwe kwa karibu na daktari na jamaa zake. Huko Marekani vijana walioandikiwa dawa hizi walipungua baada ya tahadhari, na wataalamu wanajadiliana mpaka leo kama upungufu huo uliwaokoa wengine au uliwaumiza. Mimi naona funzo moja lililo wazi. Neno "dawa hizi zinaua" linamfukuza mgonjwa kwenye tiba. Neno "meza tu, hakuna shida" linamwacha peke yake saa anapohitaji watu zaidi. Maneno yote mawili nimeyasikia mtaani kwetu, na yote mawili yanaweza kumgharimu mtu uhai.

Wataalamu wametoa maelezo kadhaa ya kwa nini majuma ya mwanzo huwa hivyo. Moja ni ile akathisia, ambayo humtesa mtu kiasi cha kutaka kuukimbia mwili wake. Jingine ni kwamba nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini, hivyo mtu aliyekuwa mchovu wa kutenda lolote anapata nguvu wakati fikra zake bado ni nyeusi. La tatu ni ule ugonjwa wa pande mbili uliokuwa haujatambuliwa. Vyovyote iwavyo, hatua ya kwanza inafanana: mtu awe karibu, na njia ya kurudi kwa daktari iwe fupi.

Muuguzi na daktari wake walinipunguzia dozi, kisha wakaipandisha polepole. Mambo mengine waliyoyaweka yalikuwa mepesi, na nayataja moja moja kwa sababu hayahitaji mashine wala pesa nyingi. Dawa nilipewa za juma moja, na nikirudi nikapewa za juma linalofuata. Zilikaa kwa bibi mkunga, ambaye alimpa mama kidonge cha siku kila asubuhi. Tuliandika mpango wa usalama kwenye karatasi ya daftari: dalili zinazonionyesha kwamba hali inageuka, mambo ninayoweza kuyafanya mwenyewe kuvuta muda, watu wa kuwapigia kwa mfuatano, mahali pa kwenda usiku kituo kikiwa kimefungwa, na namna ya kuifanya nyumba yetu iwe salama. Mipango ya namna hii ilitengenezwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 miongoni mwa wanajeshi wastaafu waliofika vyumba vya dharura ulionyesha kwamba waliopewa mpango na kupigiwa simu za kufuatiliwa walipungukiwa sana na vitendo vya kujidhuru. Wetu uliandikwa kwa kalamu ya biki, ukabandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Na muuguzi alinipigia simu. Alipiga katikati ya juma, akauliza mambo mawili: umelala vipi, na zile fikra zikoje. Simu ile ilikuwa fupi kuliko salamu zetu za Waswahili, lakini kila ilipolia nilijua kwamba mtu fulani ameandika jina langu mahali.

Nafuu ilipokuja sikuitambua mara moja. Mama ndiye aliyeiona, aliponiambia kwamba nimelala hadi alfajiri. Kutotulia kulikuwa kumekwisha. Baadaye nikaonja mbaazi nikasema chumvi imepungua, naye akacheka na kulia pamoja, maana kwa muda mrefu sikuwa nimejua tofauti ya chakula na chakula. Fikra za kufa zilikuja kwa nafasi, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, kisha nikaona zimepita siku sijazikumbuka. Nilirudi kwenye mbuzi ya nazi, nikarudi ofisini. Alhamdulillahi.

Nilipokuwa mzima nilitaka kuacha dawa. Ndivyo wengi wanavyotaka; unameza vya nini na huumwi? Muuguzi alinieleza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, ili ugonjwa usirudi, na kwamba siku ya kuacha ikifika dozi hushushwa hatua kwa hatua. Anayekata ghafla huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, ndoto kali, na hata mshtuko kichwani unaofanana na wa umeme. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu kuliko nyingi za kundi lake, hata hivyo muuguzi hakutaka niikate ghafla. Kipindi cha kushusha dozi tulikilinda kama tulivyolinda kile cha kuipandisha: mama akijua, bibi mkunga akijua, simu ikilia.

Pamoja na vidonge kulikuwa na mazungumzo. Nilikutana na mshauri nasaha na kundi dogo la wanawake, tukajifunza kugawa tatizo kubwa vipande vipande na kuanza na kimoja. Nimefurahi kujua kwamba Waafrika wenzetu ndio waliouonyesha ulimwengu nguvu ya njia hii. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mabenchi ambapo mabibi wa mitaa ya Harare, waliofunzwa, huketi na wenye huzuni na kuwasikiliza. Kilichomsukuma ni kifo cha mgonjwa wake kijana aliyejitoa uhai, ambaye jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumrudisha kwake. Mwaka 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare, na dalili za unyogovu zilikuwa chache mno kwa walioketi na mabibi kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yetu mkunga. Sisi tulikuwa naye bila benchi.

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kwamba kile kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Miongoni mwa waliofungua kesi hiyo ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Nilimsomea mama habari ile gazetini, akaniomba nirudie. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hufariki kwa kujitoa uhai, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo. Sitaki kukisia ni wangapi walinyamaza kwa hofu ya pingu. Najua nyumba moja tu ambamo hofu hiyo ilikaa, nayo ni yetu, na najua ukimya ule ulikuwa mzito kiasi gani. Mahakama imekwisha kusema. Sasa habari hii ifike sokoni, msikitini, kanisani, na kwenye foleni ya kituo cha afya, ili mama mwingine asimnong'oneze mwanawe anyamaze.

Kwenu wahudumu wa afya, najua foleni zenu. Madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Anayetuandikia dawa mara nyingi ni yule yule anayetibu malaria na kisukari asubuhi hiyo hiyo. Siombi muda msio nao. Naomba mumwite ndani aliyeketi kwenye benchi. Mwambieni, mgonjwa akiridhia, kwamba majuma ya kwanza ni ya kumwangalia, kwamba asipolala kabisa, akizunguka bila kutulia, akiwa na hasira isiyo yake, akizungumzia kufa au akianza kugawa vitu vyake, amlete siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kadi. Hayo yanaelezeka wakati mkono unaandika cheti.

Kwako ndugu au mzazi: uliza swali lile kwa maneno yake, kwa upole, tena na tena. Weka dawa wewe. Lala karibu. Usimkate dawa kwa uamuzi wako na usimlazimishe aendelee na jambo linalomtesa. Mrudishe kwa waliompa. Na kama usiku umeingia huna pa kwenda, Kenya kuna simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, na mlango wa dharura wa hospitali hauchagui ugonjwa.

Kwako uliyepewa vidonge juzi: vimeze kama ulivyoelekezwa, na usitoke kwa daktari kabla hujajua mambo matatu: nafuu itegemee lini, ni dalili gani za kukurudisha haraka, na ni nani ataulizwa habari zako juma hili. Ukihisi mwili unakukimbiza na fikra zinakuhimiza, jua kwamba jambo hilo linajulikana, lina tiba na linapita, na wala halikupimi imani wala thamani yako. Mwambie mtu leo. Akikosa kuelewa, mwambie wa pili. Nyumba ikijua haya, kidonge kinapata muda wa kufanya kazi yake, na wewe unapata muda wa kuishi mpaka kikufikie.